Mataji ya Meza ya Saa Nne

Mgeni wa saa nne asubuhi ni mgumu kumpangia. Chai ya asubuhi imeshampita, chakula cha mchana bado kiko mbali. Ukimwekea skonsi mbili kwenye kisahani anaona umempunguzia heshima, ukimpikia pilau anaona umemkosesha hamu ya mchana. Waingereza nao walihangaika na jambo hili, mpaka mwaka 1895 mwandishi wao Guy Beringer akaandika makala kuomba Jumapili iwe na mlo mmoja unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, ili waliochelewa kulala Jumamosi wasiburuzwe kutoka kitandani mapema. Ombi lake likakubaliwa, likavuka bahari mpaka Marekani, na leo hoteli za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zinauza mlo huo mwisho wa wiki kwa bei inayoweza kulisha nyumba nzima. Kwetu saa yenyewe haikuwa ngeni. Chai ya saa nne ipo maofisini, shuleni na shambani tangu zamani. Kilichoongezeka ni meza.

Na meza hiyo ndiyo inayonishughulisha. Katika nyumba nyingi ninazozijua, wageni wakija Jumamosi asubuhi mwenyeji haonekani. Mnaisikia sauti yake jikoni, harufu ya mafuta inawafikia sebuleni, na anapotoka na sinia la mwisho jasho limemlowesha na mazungumzo matamu yameshapita. Linaniuma jambo hilo. Mtu amewaita ndugu zake waje kukaa naye, halafu yeye ndiye asiyekaa. Kwa hiyo mataji ninayoyagawa hapa yana masharti mawili. La kwanza, chakula kikifika mezani watu waache walichokuwa wanasema na waulize kimepikwaje. La pili, na hili halina mjadala, aliyekipika awe ameketi pamoja nao. Vyakula vinavyotimiza yote mawili vinafanana kwa kitu kimoja: kazi kubwa hufanywa na mwingine. Pengine ni mvuke, pengine ni usiku, pengine ni tui, pengine ni jirani anayekaanga mahamri tangu alfajiri.

Kinachoumuka kupita vyote

Taji hili halina mshindani. Ni pankeki ya oveni ambayo Wamarekani wanaiita Dutch baby, iliyopata umaarufu katika mkahawa wa Manca's mjini Seattle mwanzoni mwa karne ya 20, ikiwa na nasaba ya pankeki za Wajerumani. Mahitaji yake yamo katika kila kabati: mayai 3, nusu kikombe cha unga wa ngano, nusu kikombe cha maziwa, chumvi kidogo, kijiko kimoja cha sukari, na vijiko vikubwa 3 vya siagi. Hamira haimo, wala bekingi poda.

Vitie vyote kwenye blenda isipokuwa siagi, saga kwa nusu dakika, kisha uache rojo hilo litulie dakika 20. Wakati huo kikaango cha chuma kitupu kiwe ndani ya oveni iliyowashwa nyuzi 220. Usilione kuwa ni jambo dogo hili la kupasha kikaango. Pankeki hii huumuka au hukataa kwa sababu yake. Oveni ikishapata moto, kitoe, tia siagi, izungushe mpaka povu litulie, mimina rojo katikati, rudisha, funga mlango. Usiufungue tena kwa dakika 18.

Ukichungulia kwenye kioo cha oveni, dakika za mwanzo utaona kama hakuna kinachotokea. Halafu ukingo mmoja unaanza kupanda ukuta wa kikaango, na mwingine unaufuata kwa kuchelewa. Katikati panavimba malengelenge makubwa, yanapasuka polepole, yanavimba tena upande wa pili. Kufikia dakika ya 15 kingo zimevuka mdomo wa kikaango, zimejikunja kwa ndani, zimekuwa kahawia, na siagi inachemka kwenye mabonde. Anayefanya kazi hiyo yote ni maji yaliyomo kwenye maziwa na mayai. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na chuma cha moto huyageuza kwa ghafla. Ute wa mayai unanyooka, unaukamata mvuke, kisha unaganda ukiwa umevimba.

Inapotoka huanza kushuka ndani ya dakika moja au mbili, maana mvuke ukipoa hurudi kuwa maji. Ndiyo sababu ninaipenda kuliko zote: hairuhusu mwenyeji abaki jikoni. Wageni wakae kwanza, na wewe ukae, kisha mmoja wenu aende kuitoa. Juu yake kamulia ndimu, nyunyizia sukari laini au mimina kiini cha pasheni, na muikate kwa kijiko palepale kwenye kikaango. Asiye na oveni asijisumbue nayo. Taji linalofuata ni lake.

Kinachobadilika sura zaidi

Usiku ni bakuli la mchele ndani ya maji. Saa nne asubuhi ni mkate mnene mweupe wenye mgongo wa dhahabu, uliojaa vitundu ndani, unaonukia iliki hadi barazani. Zanzibar utausikia ukiitwa mkate wa kumimina, Mombasa mkate wa sinia, na watu wengi wanauogopa kwa sababu wamemwona bibi akiupika na kudhani mkono wake ndio uliokuwa na siri. Mkono wa bibi ulikuwa na siri nyingi, lakini mkate huu si mojawapo.

Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha. Mchele wa kawaida unatosha. Wa Kyela na pishori ya Mwea iwekee pilau. Asubuhi mwaga maji, usage na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko cha chai cha hamira na iliki uliyoitwanga mwenyewe. Hapa kuna jambo moja tu la kusimamia: saga mpaka ukichukua tone na kulisugua kati ya kidole gumba na cha shahada usisikie chembe hata moja. Chembe zikibaki huzama chini, na mkate wako utakuwa na tabaka la uji. Funika, weka karibu na jiko, na kwa muda wa saa moja hivi rojo litainuka na kujaa mapovu. Likifika hapo, koroga ndani yake ute wa yai moja uliopigwa kidogo.

Pasha sufuria pana yenye mafuta kidogo, mimina rojo lote kwa mara moja, punguza moto. Mapovu yatapanda juu na kupasuka yakiacha vitundu vidogo, na kingo zitaanza kukauka na kujitenga na sufuria. Hapo ndipo moto wa juu unapoingia. Wenye jiko la mkaa hufunika kwa kifuniko cha bati au sinia na kupalia makaa juu yake, na kwa maoni yangu hakuna oveni inayotoa rangi nzuri kuliko makaa hayo. Wenye oveni wawashe moto wa juu peke yake na wasiondoke, maana kati ya dhahabu na nyeusi ni dakika chache tu. Kata kwa mshazari uvipate vile vipande vya pembe nne zilizochongoka, vipange kwenye sinia vikiegemeana ili vitundu vionekane. Ndani hamna ngano, jambo ambalo mgeni asiyeila ataligundua mwenyewe na kukushukuru.

Vikubwa vya dunia

Makala ya mataji haiwezi kuzipita rekodi zenyewe. Kimanda kikubwa kuliko vyote kilikaangwa Ureno, mji wa Ferreira do Zêzere, tarehe 11 Agosti 2012: kilo 6,466, mayai 145,000. Kusini mwa Ufaransa, mji mdogo wa Bessières hukaanga kila Jumatatu ya Pasaka kimanda cha mayai yapatayo 15,000 katika kikaango kinachokorogwa kwa miiko mirefu kama makasia, na umati uliokusanyika hupewa bure. Pankeki pana kuliko zote iliiva Rochdale, Uingereza, tarehe 13 Agosti 1994. Upana wake ulikuwa mita 15.01 na uzito tani 3. Mnara mrefu wa pankeki, nao wa Uingereza, ulisimamishwa Februari 2016 na James Haywood na Dave Nicholls: pankeki 213 zikipandiana mpaka sentimita 101.8. Na Mmarekani Howard Helmer alikaanga vimanda 427 vya mayai mawili mawili ndani ya nusu saa, Atlanta, mwaka 1990. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya 14 kila dakika.

Rekodi iliyo karibu nasi ni ya Uganda. Raymond Kahuma na wenzake walitengeneza huko Kasokoso, wilaya ya Wakiso, rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ya kilo 204.6, na mwaka 2023 Guinness ikaitambua kuwa kubwa kuliko zote. Ndani yake mlikuwa na mayai 1,200. Watu wapatao 60 walishiriki, na kazi ilichukua zaidi ya saa 14, nyingi zikiwa za kuhangaika na chapati ile isipasuke.

Rekodi hizi zinanifurahisha, na zinanifundisha nisichotaka nyumbani. Zote zimejengwa kwa jasho. Mnara wa pankeki ndio unaodanganya wenyeji wengi, kwa kuwa picha yake ni nzuri: pankeki kumi zimepandiana, asali inateremka pembeni. Lakini kila pankeki ilikaangwa peke yake na mtu aliyesimama, na ile ya chini imeshapoa kabla ya ya juu kuiva. Mnara siupi taji. Rojo hilohilo la pankeki ulimimine lote kwenye trei ya oveni iliyopakwa siagi, upange juu yake vipande vya ndizi au nanasi, uoke kwa nyuzi 200 kwa dakika 15, ukate mraba mraba. Umemaliza.

Rolex, kinyume chake, inastahili taji la kukatwa vizuri. Ni chakula cha vibanda vya Kampala, kipenzi cha wanafunzi wa Makerere wanaoshukia Wandegeya na njaa, na mara nyingi hupewa mtu mkononi ikiwa imeviringishwa kwenye karatasi. Nyumbani nunua chapati laini, moja kwa mgeni. Piga mayai mawili na kitunguu, kabeji na karoti vilivyokatwa nyembamba, mimina kwenye kikaango, na kabla juu hapajaganda laza chapati ili ishikane na yai. Geuza, panga vipande vya nyanya, viringisha kwa kubana. Ziache zote zipumzike dakika tano chini ya kitambaa, kisha kata kila moja vipande vinene vya vidole viwili na uvisimamishe kwenye sahani, upande uliokatwa ukitazama juu. Mzunguko wa kahawia, manjano, kijani na nyekundu utakuwa mbele ya macho. Hakuna aliyeila barabarani atakayeitambua kwa haraka.

Kinachodharauliwa bila haki

Wahispania wana kimanda cha viazi ambacho wanakiona kuwa fahari ya taifa. Hukatwa pembe tatu, huwekwa kwenye sahani nzuri, na wasafiri hulipa fedha nyingi kukila. Sisi tuna chipsi mayai, na tunakila usiku kibandani kwenye sahani ya plastiki, tukiwa tumesimama. Sioni sababu. Viazi ni vilevile, mayai ni yaleyale, na vijana wa chipsi wa Tanzania wana kipaji cha kugeuza kikaango ambacho wapishi wengi wenye vyeti hawana.

Kwa meza ya watu sita, chukua chipsi za viazi vinne au vitano zilizokaangwa bila kukaushwa sana, hata kama ni za jana, uzitandaze kwenye kikaango kizito chenye mafuta kidogo, na umimine mayai 8 yaliyopigwa na chumvi na kitunguu. Moto uwe mdogo. Kingo zikishaganda na katikati bado kunatikisika kidogo, funika kikaango kwa sahani kubwa kuliko mdomo wake, vigeuze vyote viwili kwa mara moja bila kusitasita, kisha kitelezeshe kimanda kirudi kumalizia upande wa pili. Kitamu zaidi kikiwa vuguvugu, kwa hiyo kinaweza kuiva saa tatu na kuliwa saa nne na nusu. Kiweke kizima mezani, kachumbari pembeni, na ukikate mbele ya watu.

Chenye rangi kali kuliko vyote

Shakshuka ni ya Afrika Kaskazini. Tunisia na Libya ndiko mizizi yake inakotajwa zaidi, na Wayahudi waliohama kutoka nchi hizo wakaipeleka Israel. Ni mayai yaliyoiva ndani ya rojo la nyanya, basi. Lakini nyekundu ya nyanya, nyeupe ya ute, manjano ya kiini na kijani cha kotmiri vikikutana ndani ya kikaango cheusi, mpigapicha hana cha kuongeza.

Rojo lake lipike usiku wa jana: vitunguu viwili, hoho mbili, vitunguu saumu, bizari nyembamba ya kutosha, nyanya nane zilizoiva vizuri na kijiko cha nyanya ya kopo. Lichemke mpaka ukipitisha mwiko njia ibaki wazi kwa muda. Asubuhi lipashe, fukua vishimo sita kwa mgongo wa upawa, vunja kila yai kwanza kwenye kikombe kisha uliteremshe kishimoni. Funika. Ute huanza kuganda karibu nyuzi 62 na kiini huanza kuwa kizito kwenye 65, tofauti ndogo kabisa, kwa hiyo unachotafuta ni mvuke unaoivisha juu kabla moto wa chini haujakiharibu kiini. Dakika tano au sita zinatosha. Peleka kikaango chenyewe mezani juu ya kigae au ubao, pamoja na mkate wa kuchovya. Hata jiko la mkaa linaimudu.

Kikongwe

Mkate uliokauka umewasumbua watu tangu mkate uwepo. Kitabu cha mapishi cha Warumi kinachojulikana kwa jina la Apicius, ambacho wanazuoni wengi wanakiweka kwenye karne ya 4 au ya 5, kinaeleza mkate uliolowekwa kwenye maziwa, ukakaangwa, ukamiminiwa asali. Tosti ya mayai tunayowapikia watoto ni mjukuu wa mlo huo.

Kukaanga slesi moja moja kunarudisha tatizo la mnara wa pankeki, kwa hiyo ninaupa taji mkate unaookwa wote kwa pamoja. Boflo la jana ulikate vipande, uvipange vikiegemeana kwenye chombo cha kuokea, umimine mayai 5 yaliyopigwa na vikombe 2 vya maziwa, sukari, iliki na kungumanga ya kukwaruza. Uache ulale kwenye friji. Asubuhi mwagia korosho zilizopondwapondwa na uoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 40. Vichwa vya vipande vitakauka, chini patabaki laini. Wewe utakuwa umeoga na kuvaa.

Kinacholeta ubishi mwingi

Katika nchi za Ghuba, Oman mpaka Kuwait, kuna mlo wa asubuhi unaoitwa balaleet: tambi tamu zenye zafarani, iliki na maji ya waridi, na juu yake kimanda chembamba chenye chumvi. Asiyeujua huuliza kama mpishi amechanganya sahani mbili. Zanzibar na Mombasa nusu ya mlo huo tunaijua vizuri sana, maana tambi za sukari hazikosekani kwenye futari. Kilichobaki ni kuthubutu kulaza yai juu.

Zikaange tambi nyembamba kwenye samli mpaka ziwe kahawia, tia tui jepesi la kuzifunika, sukari, iliki na zabibu kavu, funika kwenye moto mdogo mpaka zinyonye. Zimwage kwenye sinia, zichambue kwa uma, funika kwa kimanda kipana kimoja. Utamu na chumvi vinavyokutana mdomoni vitawagawa wageni pande mbili, na ubishi huo ni sehemu ya mlo. Mimi niko upande wa wanaoomba kuongezewa.

Cha bei ndogo na heshima kubwa

Mbaazi za nazi kwa mahamri. Nimejaribu kutafuta mlo unaoshinda huu kwa gharama na hadhi kwa pamoja, kwenye pwani yote, na sijauona. Mbaazi hulowekwa usiku, huchemshwa mpaka zibonyee, kisha huungwa kwa tui la pili pamoja na kitunguu, pilipili mbichi nzima na chumvi. Tui la kwanza, lile zito, husubiri mwisho, moto ukiwa mdogo, na huchochewa taratibu upande mmoja. Likichemshwa kwa fujo hukatika, mafuta yakajitenga, na weupe ule wa kuvutia unapotea. Bakizia vijiko vitatu vya tui zito umwagie juu ukiwa umeshapakua kwenye bakuli pana, na uziache zile pilipili za kijani zielee zionekane.

Mahamri usiyakaange. Ninajua kuna watakaokasirika. Kukanda, kusubiri, kusukuma, kukata na kusimama mbele ya karai la mafuta ni asubuhi nzima, na karibu kila mtaa wa Mombasa, Tanga au Unguja una mama anayefanya hivyo kila siku tena kwa ustadi usioupata wikiendi moja. Mwagizie jioni ya Ijumaa, mlipe bei yake bila kumbembeleza apunguze, mtume mtoto saa tatu na nusu na kikapu chenye kitambaa safi. Mahamri yatafika yakiwa bado yamevimba na moto.

Chenye kazi ndogo kuliko vyote

Taji la mwisho linakwenda Van, mashariki mwa Uturuki, mji unaojulikana nchini kote kwa kifungua kinywa. Tarehe 1 Juni 2014 watu 51,793 walikaa huko kula pamoja, wakaweka rekodi ya dunia. Ukiitazama meza ya Van, karibu hakuna kilichopikwa. Kuna visahani vingi, kila kimoja na kitu kimoja: jibini lenye majani ya porini, zeituni, matango, nyanya, asali, malai mazito, jamu, mayai. Uzuri wote unatoka kwenye wingi wa visahani na rangi zake.

Sisi tuna vya kujaza visahani hivyo kuliko watu wengi duniani, na ajabu ni kwamba tunaviacha sokoni tukihangaika na unga. Asali ya Tabora kwenye bakuli dogo. Parachichi limepondwa kwa ndimu na chumvi. Papai limekatwa nusu kwa urefu, mbegu zimetolewa, shimo limejazwa pasheni. Embe dodo limechanjwa mraba mraba likabinuliwa nje. Karanga za kukaanga, siagi ya karanga, maziwa ya mgando, nyanya zilizonyunyiziwa pilipili manga, mayai ya kuchemsha yaliyokatwa nusu, mkate wa jana uliokaushwa kwenye kikaango kikavu. Sahani kumi na mbili ndogo, hata zisizofanana, zikipangwa zikigusana kutoka ncha moja ya meza hadi nyingine bila kuacha kitambaa kuonekana, na mpishi ameshika kisu tu. Parachichi na embe vikatwe mwisho kabisa, maana parachichi hubadilika rangi na embe hutoa maji.

Chai ndiyo inayowarudisha wenyeji wengi jikoni, kwa hiyo ipikwe mapema: ya maziwa yenye tangawizi katika chupa moja, ya rangi yenye mchaichai katika nyingine. Zote mbili ziwekwe kwenye meza ndogo pembeni, na kijana mmoja wa nyumbani akabidhiwe kazi ya kuwamiminia wakubwa, akianza na bibi.